Fomu imejaa tiki, kazi ni ileile: dhana potofu kuhusu mabadiliko hospitalini

Dhana: Chema chajiuza, utaratibu ukiwa mzuri, watu wataufuata.

Orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yenye vipengele 19, ilitoka mwaka 2008. Katika hospitali 8 za majaribio, Ifakara na Toronto zikiwamo, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Baadaye jimbo la Ontario, Kanada, likaifanya ya lazima. Utafiti wa 2014 katika hospitali 101 za huko haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana, ingawa hospitali ziliripoti kuitumia karibu kila operesheni. Karatasi ilikuwa ileile.

Dhana: Tiki zote zipo, basi imefanyika.

Orodha ina vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Cha pili ndicho huchakachuliwa kirahisi. Muuguzi anasoma huku daktari ameshanyoosha mkono kudai kisu. Mtaalamu wa usingizi anaitikia "ndiyo" macho yakiwa kwenye mashine. Pabaya zaidi, cha tatu hujazwa hapohapo "kuokoa muda", hesabu ya shashi (vitambaa vya kufyonzea damu) ikapigwa tiki kabla shashi ya kwanza haijalowa damu.

Kwa hiyo mkaguzi asihesabu fomu. Asimame chumbani aone kama mikono yote imetulia, na nani amefungua mdomo. Kujitambulisha kwa jina na kazi, kipengele cha kituo cha pili, wengi huona ni mchezo, lakini aliyekwisha kusikika mara moja huona wepesi kusema tena shashi ikipungua.

Dhana: Kikao cha kutambulisha utaratibu mpya kimenyamaza, maana yake kimekubali.

"Sawa daktari" mara nyingi ni heshima tu. Anza na wa cheo cha chini, bosi aseme mwisho. Na swali lisiwe "mna maoni?" bali "usiku, mkiwa wawili zamu, hili litakwama wapi?" Kisha wote humtazama bosi siku ya kwanza anaporekebishwa. Akisema "asante, tuhesabu upya", utaratibu umepona. Akifoka, hakuna atakayejaribu tena.

Dhana: Wanaopinga ni wavivu.

Wapo, ndiyo. Ila kagua kwanza: huenda umewaletea daftari la tatu la kuandika jambo lilelile. Futa moja kabla ya kuleta jipya, ujaribu na timu moja kwa wiki moja, kisha urekebishe. Orodha ya WHO yenyewe ina maandishi chini yanayohimiza kuongeza na kubadilisha vipengele kulingana na mahali.