Ile "Tafsiri" kwenye sheria ndogo siyo ya Kiingereza

Hili nimelivumilia miaka ila juzi limenishinda. Tuko kwenye kikao cha mtaa, ajenda ni taka, kuna kaka mmoja kapewa kopi ya sheria ndogo za halmashauri atusomee, na anasoma vizuri tu, sauti inafika mpaka nyuma. Kafika kifungu cha tatu, akafunua kurasa mbili kwa mpigo, akasema "hapa ni tafsiri tu, wametafsiri maneno ya Kiingereza, twendeni kwenye faini". Watu wakaitikia twende. Na mimi nikanyamaza kama wengine, ndo maana leo naandika.

Kifungu cha tafsiri ni pale sheria inapokwambia neno fulani, likitumika humu ndani, limebeba nini. Kwisha. Utakikuta mwanzoni, baada ya kifungu cha jina na cha eneo la matumizi, na pale pembeni ya ukurasa pameandikwa neno moja tu, Tafsiri. Karibu kila halmashauri wanaanza vilevile: "Katika Sheria Ndogo hizi isipokuwa kama muktadha utahitaji vinginevyo", halafu maneno yanapangwa kwa alfabeti, ada, Afisa Mwidhiniwa, Halmashauri, Mkurugenzi, taka na kuendelea.

Sasa tatizo lenyewe ni neno tafsiri. Sisi tumezoea tafsiri ni kutoa kitu kwenye lugha moja kukipeleka nyingine, filamu imetafsiriwa, barua imetafsiriwa, na shuleni tumefundishwa kwamba tafsiri ni ya maandishi na ukalimani ni wa mdomo. Sawa, maana hiyo ipo sikatai. Ila neno lilipoingia kutoka Kiarabu lilikuja na maana ya kufafanua, kuweka wazi kilichofichika. Waliokaa darsa msikitini wanajua, sheikh akisema leo tunafanya tafsiri ya sura fulani hageuzi tu Kiarabu kuwa Kiswahili akafunga kitabu, anakwambia aya ilishuka kwa sababu gani, neno hili hapa limekusudia nini na kule limekusudia nini, saa nzima mnaweza kuwa kwenye aya mbili. Ile ya kugeuza lugha Kiarabu kina neno lake lingine, tarjama, na sisi tunalo pia, tarjuma, ila limebaki kwa wazee na kwa watu wa vitabu vya dini, kwa hiyo tafsiri ikabebeshwa mizigo yote miwili.

Na maana ya zamani wala haijafa, tunaitumia kila siku bila kujua. Mtu akikwambia "mi nilikuwa natania yeye akatafsiri vingine", kuna Kiingereza gani hapo? Na tafsiri ya ndoto je? Umeota nyoka kaingia chumbani unamfuata bibi akupe tafsiri, huendi kwa sababu umeota Kiingereza. Ndo tafsiri hiyohiyo iliyoko kwenye sheria, na ndo maana hapa Tanzania tuna sheria kabisa inaitwa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yaani kwenye mpangilio wa sheria zetu yenyewe ndo imekaa mlangoni, na kazi yake ni kusema maneno ya sheria yasomwe vipi, kwa mfano kwamba "mtu" siyo mimi na wewe tu, kampuni nayo ni mtu.

Halafu jingine, hizi sheria ndogo nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili toka mwanzo, zamani sana, kabla hata ya yale marekebisho ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kilichokuwa Kiingereza ni sheria mama, yaani zile zinazoipa halmashauri nguvu ya kutunga sheria ndogo, hizi za Serikali za Mitaa za 1982. Kwa hiyo yule kaka aliruka ukurasa akidhani ni tafsiri ya kitu ambacho hakipo.

Na unaporuka unapoteza nini? Unapoteza tofauti ya "maana yake ni" na "ni pamoja na". Hapa naomba tukae kidogo maana hapa ndo watu wanalipa faini huku wanashangaa. Chukua sheria ndogo ya mifugo mjini. Ikisema "mifugo" maana yake ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, mlango umefungwa, waliotajwa ndo hao, kuku wako waache wachakure, sheria hiyo haiwahusu. Ikisema "mifugo" ni pamoja na ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, mlango umeachwa wazi, hao wanne wametajwa ili wasije wakabishaniwa lakini wengine wanaweza kuingia, na wewe mwenye bata kumi na mbili uani usiseme "mbona bata hawajaandikwa". Orodha ni ileile, wanyama ni walewale, maneno mawili tu yamebadilika na kesi imebadilika yote. Kuna na wanaoandika "maana yake ni pamoja na", hawa sijui niwaambie nini, umefunga mlango na kuuacha wazi kwa sentensi moja.

Mfano mwingine ni Mkurugenzi. Mara ngapi umesikia mtu anabishana na afisa aliyekuja kukagua, "sheria imesema Mkurugenzi, mwambie aje mwenyewe"? Rudi kwenye kifungu cha tafsiri, mara nyingi kimeandikwa kwamba Mkurugenzi maana yake ni Mkurugenzi wa Halmashauri pamoja na afisa yeyote aliyeteuliwa kutekeleza kazi zake. Ubishi umeishia hapo, na umeishia ukurasa wa kwanza wala hujafika kwenye faini.

Ila usiende upande wa pili pia. Kuna wanaochukua maana ya "taka" kutoka sheria ndogo ya usafi wanaibeba mpaka kwenye ugomvi mwingine kabisa wa ushuru wa soko, eti sheria imeshasema. Imesema humo, ndo maana imeanza na "katika Sheria Ndogo hizi". Ukitoka humo ile maana unaiacha hapohapo kama viatu vya msikitini. Na neno likikosekana kwenye orodha haina maana mtu ajitungie, unapanda kwa sheria mama, unaangalia na Sura ya 1, na kama kote halipo ndo unarudi kwenye maana ya kawaida ya neno kama watu wanavyolisema.

Kuhusu hilo neno "ndogo" lenyewe nalo nina maneno ila siyo leo. Niseme tu udogo wake ni wa mtoto kwa mama, imezaliwa na sheria iliyotungwa na Bunge, mahakamani inakufunga vizuri tu.

Kwa hiyo kaka yangu wa kikao, sikutaka kukukata mbele za watu, na ulisoma vizuri kuliko ambavyo ningesoma mimi. Jumamosi tukikutana tena anzia pale uliporuka, pale pembeni palipoandikwa Tafsiri, ututafutie neno "taka", na uangalie limefuatiwa na "maana yake ni" au na "ni pamoja na", maana mama wa genge pale kona anataka kujua kama maganda anayowawekea mbuzi wa jirani yamo au hayamo.