Siasa huanzia kwenye irabu ya mwisho

Kazi yangu ni kupima mabaki ya viuatilifu kwenye udongo, kwenye maji, kwenye mafuta ya samaki. Kwa hiyo mtu akimaliza kitabu cha sayansi kinachozungumzia sumu na mazingira, huniletea swali lilelile: hii ni sayansi au ni siasa? Zamani nilijibu kwa asilimia, kana kwamba kitabu nacho ni sampuli. Siku hizi namwambia achukue penseli. Kila akikuta kitenzi chenye ile e ya kuhimiza mwishoni, tupunguze, wapige marufuku, serikali itoze kodi, apige mstari. Hapo sayansi imeshuka na abiria mwingine amepanda.

"Tunapunguza" inapimika. "Tupunguze" haipimwi na mashine yoyote niliyonayo, maana ndani yake mna nani alipe, nani aachwe, na hatari ya kiasi gani tukubali kuishi nayo. Sisemi mwandishi asiiandike. (Na hiyo "asiiandike" nayo ipigiwe mstari.) Nachotaka ni msomaji ajue amevuka mpaka.

Kitabu kinachoteswa zaidi kwa swali hili ni Silent Spring cha Rachel Carson, kuhusu madhara ya sumu za kuulia wadudu, kilichotoka mwaka 1962. Wapo wanaomtukuza, na wapo wanaodai alisababisha vifo vya malaria kwa kuifanya DDT, dawa ya kuulia wadudu wakiwemo mbu, ipigwe marufuku duniani. Wengi wa pande zote mbili, naona, hawajakifungua. Carson anasema waziwazi humo kwamba hadai viuadudu visitumike kamwe. Anaeleza kwa kirefu jinsi wadudu wanavyozoea sumu inaponyunyizwa ovyo, jambo ambalo mtu anayepambana na malaria ndiye angepaswa kulisoma kwanza. Na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, mkataba wa kimataifa juu ya sumu zinazodumu kwenye mazingira, hadi leo unaruhusu DDT kwa kudhibiti wadudu waenezao magonjwa.

Marufuku yenyewe ya Marekani ndiyo somo zuri kuliko yote. Mwaka 1972, baada ya miezi saba ya kusikiliza mashahidi na zaidi ya kurasa 9,000 za maelezo yao, ofisa aliyeendesha usikilizaji alipendekeza DDT iendelee kutumika. William Ruckelshaus, mkuu wa shirika la mazingira la serikali, alikuwa na ushahidi uleule. Akaipiga marufuku karibu kwa matumizi yote. Kurasa zilezile, maamuzi mawili. Anayesema uamuzi ule ulikuwa sayansi tupu, na anayesema ulikuwa siasa tupu, wote wawili hawajaona kwamba kurasa 9,000 haziwezi kujipigia kura.

Kuna jambo moja wasomaji wengi huapa kwamba wamelisoma kwa Carson: maganda ya mayai ya ndege kuwa membamba kwa sababu ya DDT. Hawakulisoma. Yeye alifariki mwaka 1964, na Derek Ratcliffe, mtafiti wa ndege wa Uingereza, alichapisha ugunduzi huo mwaka 1967. Nampenda Ratcliffe kwa sababu kifaa chake kilikuwa mzani tu. Uingereza ilikuwa na watu waliokusanya mayai ya ndege kwa miongo mingi, wakayatoboa, wakayapuliza yakabaki maganda matupu, wakayaandika tarehe. Ratcliffe alipima uzito wa ganda, akaugawanya kwa urefu mara upana wa yai. Mayai ya kozi (yule ndege mwindaji, si masomo) yalikaa palepale mwaka baada ya mwaka, halafu kuanzia karibu mwaka 1947 namba ikaporomoka kwa karibu moja ya tano. DDT ilikuwa imeingia mashambani muda si mrefu kabla. Baadaye ikajulikana kwamba DDE, kitu kinachobaki DDT ikivunjika, huzuia kalsiamu isifike kwenye ganda. Katika maelezo hayo yote hakuna hata e moja ya kuhimiza, na bado hakuna serikali iliyoweza kuyapuuza kirahisi.

Irabu si mtego pekee. Mwingine ni -ta-. Mwaka 1968 mwanabiolojia Paul Ehrlich, kwenye utangulizi wa The Population Bomb, alitangaza kwamba katika miaka ya 1970 mamia ya mamilioni ya watu watakufa njaa. Watakufa, basi, hakuna -nge- wala -ki-. Wakati huo mbegu mpya za ngano na mpunga wa mashina mafupi, zenye mavuno makubwa, zilikuwa tayari zinapandwa, na utabiri haukutimia. Kila anayetaka kubeza habari za tabianchi leo humtaja Ehrlich. Linganisha na ripoti za jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, ambako hata neno "yaelekea" limewekewa kipimo: angalau asilimia 66. Muhtasari wake kwa viongozi hupitishwa na wajumbe wa serikali mstari kwa mstari. Mjini Madrid mwaka 1995 walibishana juu ya kivumishi kimoja cha kueleza athari ya binadamu, wakaishia kwenye "inayotambulika". Inachosha kusoma, lakini siasa yake imekaa mezani, kila mtu anaiona.

Mtego unaonisumbua zaidi ni wa kitenzi kisichobadilika. Subiri ni neno la Kiarabu, kwa hiyo "tusubiri" haina e ya kutushtua. "Tusubiri utafiti zaidi" inasikika kama kauli ya maabara, kumbe ni sera kamili. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni moja ya sigara ulisema bidhaa yao ni shaka, yaani kuwafanya watu wautilie shaka ushahidi. Kwa upande mwingine, Itifaki ya Montreal ya kulinda ozoni ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, huku ndege za utafiti zikiwa bado zinaruka kutoka Punta Arenas, kusini mwa Chile, kuchunguza chanzo cha tundu la ozoni juu ya Antaktika. Waliotia saini walijua hawajui yote.

Mimi mwenyewe niliwahi kuandika makala ya gazeti kuhusu samaki. Niliandika tumekuta DDE kiasi fulani, chini ya kikomo kinachoruhusiwa. Mhariri akaweka kichwa cha habari: "Msile samaki hawa." Nilikasirika nikampigia simu, nikamwambia amegeuza kipimo kuwa amri. Akaniuliza kama nimeisoma aya yangu ya mwisho. Nilipokata simu nikachukua penseli. Maneno haya niliyaandika kwa mkono wangu: "kwa hiyo tuwe waangalifu".