Pawa raki ni nini, na ya nyumbani iweje?

Ukipita mitaa ya Ilazo au Nkuhungu hapa Dodoma saa kumi na mbili jioni, upepo ukianza kutulia, hukosi kusikia vyuma vikigongana nyuma ya ukuta wa mtu. Jimu nyingi za nyumbani huanza namna moja: baa moja (ya vyuma, si ya bia), pleti chache au makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na benchi lililochomelewa na fundi wa mageti. Uzito unapanda taratibu. Kisha inafika siku moja mtu amelala kwenye benchi, baa imemkalia kifuani, mikono imegoma, na wenzake wa nyumbani wote wako sokoni Majengo.

Pawa raki ilibuniwa kwa ajili ya siku hiyo.

Ni fremu ya chuma yenye nguzo nne zilizounganishwa juu na chini kama kizimba, nawe unaingia ndani yake kufanya mazoezi. Nguzo zina matundu kuanzia chini hadi juu, na kwenye matundu hayo unachomeka vitu viwili. Cha kwanza ni kulabu za kuwekea baa kabla na baada ya zoezi. Cha pili ni vyuma viwili vinavyolala kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kimoja kila upande. Hivi ndivyo vya kudakia: baa ikikushinda inatua juu yake, nawe unatoka chini yake ukiwa mzima. Juu huwa kuna bomba la kuning'inia, ila hiyo ni nyongeza tu. Ukiondoa vyuma vya kudakia, ulichobaki nacho ni kichanja cha kuwekea baa.

Nalisisitiza hili kwa sababu wauzaji huita kila kitu raki. Stendi mbili zilizosimama zenyewe ni za kuwekea baa, na nyingi hazina cha kudakia kabisa. Nusu raki ina mikono mifupi ya kudakia inayotokeza mbele, nawe unafanyia zoezi nje ya fremu. Inafaa chumba kidogo, ila ukiyumba ukarudi nyuma hatua mbili, mikono haikufikii. Mashine ya Smith ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa baa yake imefungwa kwenye reli, inapanda na kushuka humo tu na haiwezi kwenda pembeni. Watu huipenda kwa usalama wake, ila mwili haujifunzi kuusawazisha mzigo.

Sasa, swali la urefu wa vyuma vya kudakia ndilo linaloamua raki ipi ni nzuri. Kwenye benchi presi, yaani kusukuma baa juu ukiwa umelala kwenye benchi, chuma kinatakiwa kiwe chini kidogo ya kifua ukiwa umekivimbisha, lakini juu ya shingo ukiwa umekilegeza. Tofauti hiyo ni ya sentimita chache tu. Raki nyingi zina matundu yaliyoachana sentimita 5, na kwa mtu mwenye kifua chembamba, tundu moja linakuwa juu mno na linalofuata chini mno. Ndiyo maana zilizo bora huwa na matundu ya karibu zaidi, kila sentimita 2.5, kwenye eneo la benchi. Ukikosa hizo, weka ubao chini ya miguu ya benchi, mambo yanakaa sawa. Kwenye skwati hakuna taabu hiyo: chuchumaa hadi mwisho wako ukiwa na baa tupu, kisha panga chuma chini kidogo ya hapo.

Wengi wetu Dodoma tutaishia kwa fundi kuliko kuagiza Dar, na sioni ubaya wowote. Mabomba ya mraba yanauzwa kwa vipande vya mita 6 hivi, na raki ya kawaida inaweza kutoka kwenye vipande vitatu ukipanga vizuri ukataji. Tahadhari ya kwanza ni unene. Bomba la grili za madirisha ni jembamba sana kwa kazi hii. Omba la inchi 2 kwa 2 lenye ukuta wa milimita 2 angalau. Ukipata la milimita 3, raki inatulia hata ukiweka mzigo wa kutisha. Ukisikia mtu anajigamba kwamba raki yake inabeba kilo 400 na yeye anachuchumaa na 90, muulize kama inatikisika akiirudisha baa kwenye kulabu. Mtikisiko ndio unaousikia kila siku. Kilo 400 huenda usizione maishani.

Tahadhari ya pili ni matundu. Yatobolewe kwa drili. Fundi mwenye haraka huyatoboa kwa moto wa kuchomelea, yanakuja makubwa, yenye mabaki ya chuma na yasiyolingana. Kulabu ya kulia ikiwa juu ya ya kushoto kwa milimita 5, utafanya mazoezi ukiwa umepinda mwaka mzima bila kujua kwa nini bega moja linauma. Mwambie atoboe nguzo ya kwanza, aitumie hiyo kama kipimo cha nyingine tatu.

Ya tatu ni upana, na hapa ndipo pesa hupotea. Baa kamili ya kilo 20 ina urefu wa mita 2.2, lakini sehemu ya katikati, kati ya pale pleti zinapoanzia upande huu na upande ule, ni sentimita 131. Raki lazima iingie humo na ibakishe nafasi. Jirani yangu mmoja alitaka yake iwe pana ili awe huru, akachomelewa ya sentimita 135. Leo inaanikia nguo, na inazianika vizuri kweli. Kaa kwenye 120 hivi, kipimo cha nje. Nunua baa kwanza, kisha nenda nayo kwa fundi, kwa sababu baa nyingi fupi zinazouzwa madukani hazifiki kulabu zote mbili.

Chumba nacho kipimwe. Kwa baa ya mita 2.2 unahitaji karibu mita 3 za upana, la sivyo utakuwa unabadilisha pleti huku umebana tumbo. Kwenda juu, hesabu kichwa chako kikipita bomba la kuning'inia, siyo urefu wa raki peke yake. Siling bodi haisamehe. Hewa kavu ya hapa inatupa nafasi ambayo watu wa pwani hawana: raki inaweza kukaa uani chini ya bati na kutu ikachelewa sana. Vumbi la kiangazi ndilo litakalokusumbua, kwa hiyo kitambaa kiwe karibu na kulabu zifutwe kabla baa haijakaa.

Kama nyumba ni yako, zifunge nguzo kwenye sakafu ya zege kwa bolti. Kama umepanga, mwenye nyumba hatafurahia matundu kwenye marumaru yake, basi tandika mpira mnene na uwekee uzito miguu ya nyuma. Mifuko ya mchanga inatosha.

Siku ya kwanza, kabla ya pleti yoyote, lala kwenye benchi ukiwa na baa tupu. Ishushe kifuani, legeza kifua, iache. Ikitua kwenye vyuma nawe ukaweza kugeuza shingo na kujitoa, uko sawa. Ikikugusa koo, panda tundu moja.