Kikokotoo kinapougeuza upepo wa kaskazi

Chukua kaskazi inayovuma kutoka kaskazini mashariki kwa mita 6 kwa sekunde. Mhimili wa x uelekee mashariki, wa y uelekee kaskazini. Upepo unaotoka huko unakwenda kusini magharibi, kwa hiyo vijenzi vyake vyote viwili (sehemu yake ya x na sehemu yake ya y) ni hasi: vx = −4.24 na vy = −4.24. Ili kupata pembe ya mwelekeo wake kutoka mhimili wa x, gawanya vy kwa vx, unapata 1. Bonyeza tan⁻¹, kitufe kinachogeuza uwiano huo kuwa pembe, kikokotoo kinajibu nyuzi 45. Yaani upepo unarudi ulikotoka!

Kikokotoo hakijakosea. Hasi ilipogawanywa kwa hasi, alama zilifutana, na habari ya upande ikapotea kabla hujagusa kitufe cha tan⁻¹. Tena kitufe hicho hutoa pembe zilizo kati ya −90 na 90 tu, nusu ya kulia ya mchoro. Vekta (kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, kama upepo huu) inayolalia kushoto haina namna ya kutokea humo.

Wengi hukariri jedwali la robo nne. Mimi huangalia alama ya x peke yake. Ikiwa x ni hasi, ongeza 180 kwenye jibu la kikokotoo, basi. Ikiwa x ni chanya, jibu ni sahihi lilivyo. Likiwa hasi na unataka pembe kati ya 0 na 360, ongeza 360. Ikiwa x ni sifuri usigawanye kabisa: y chanya ni nyuzi 90, y hasi ni 270. Kaskazi yetu basi ni 45 + 180 = 225.

Kwenye kani kuna mtego mwingine. Kamba mbili zinavuta pete moja: ya kwanza kwa niutoni 60 kwenye nyuzi 20, ya pili kwa niutoni 80 kwenye nyuzi 150, pembe zote zikipimwa kutoka mhimili wa x kinyume cha mzunguko wa saa. Kishawishi ni kuchukua wastani wa pembe, 85. Pembe hazijumlishwi, vinavyojumlishwa ni vijenzi.

x: 60 cos 20° + 80 cos 150° = 56.38 − 69.28 = −12.90
y: 60 sin 20° + 80 sin 150° = 20.52 + 40.00 = 60.52

Ukubwa wa kani tokeo, yaani jumla ya kani hizo mbili, ni niutoni 61.9. Kikokotoo kinatoa tan⁻¹(60.52 ÷ −12.90) = −77.97, x ni hasi, ongeza 180, unapata nyuzi 102.0. Chora mchoro hata wa ovyo kabla ya hesabu: kamba yenye nguvu zaidi inavuta kushoto, kwa hiyo jibu lolote chini ya 90 ungelitilia shaka papo hapo. Na ukipata 0.785 mahali pa 45, kikokotoo kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, angalia herufi ndogo R juu ya kioo.

Anayetumia kompyuta ana fomula ya ATAN2, inayopokea vijenzi viwili bila kuvigawanya, kwa hiyo alama hazipotei. Ila Excel inataka x kwanza, Python inataka y kwanza, na zote mbili hujibu kwa radiani.

Sasa velositi, yaani kasi yenye mwelekeo, majini. Mashua ina kasi ya mita 3 kwa sekunde, omo (sehemu yake ya mbele) imeelekezwa kaskazini kamili, mkondo unakwenda magharibi kwa mita 1.2 kwa sekunde. (Upepo huitwa kwa kule unakotoka, mkondo kwa kule unakokwenda; ukichanganya, pembe yako inakosea kwa nyuzi 180.) Velositi tokeo ni (−1.2, 3), pembe 111.8. Nahodha hasomi hivyo. Dira huanza kaskazini na kufuata mzunguko wa saa, kwa hiyo toa pembe yako kutoka 90: 90 − 111.8 = −21.8, ongeza 360, dira 338.2.

Mashua inasukumwa nyuzi 21.8 magharibi. Je, ukigeuza omo nyuzi 21.8 mashariki utavuka moja kwa moja? Hapana, ingawa karibu kila mtu hujibu ndiyo. Omo ikigeuka, mita 3 zile huwa ndio upande mrefu wa pembetatu, ule ulio mkabala na pembe mraba, kwa hiyo kinachohitajika ni sin⁻¹(1.2 ÷ 3) = 23.6, si tan⁻¹. Kwa nyuzi 21.8 kijenzi cha mashariki ni mita 1.114 kwa sekunde tu, na mkondo unabaki na 0.086 ya ziada. Kwenye mlango wa maji wa mita 500 unavuka kwa sekunde 180 hivi, na unatia nanga mita 15 magharibi ya gati.