Kupanua bandari ya makontena kwa kufukia bahari: maana yake

Kufukia bahari ni kutengeneza ardhi palipokuwa na maji. Bandari ya makontena hufanya hivyo ili ipate gati refu zaidi, na zaidi ya hapo, ipate yadi, yaani uwanja wa kupanga makontena. Wengi huangalia gati tu, lakini yadi ndiyo inayomeza nafasi. Meli kubwa za siku hizi zina urefu wa mita 400 hivi na hubeba makontena zaidi ya 20,000 ya futi 20. Meli ikishusha hata sehemu ya shehena hiyo, lazima makontena yakae mahali yakisubiri malori, treni au meli nyingine.

Kazi huenda pande mbili. Upande wa meli bahari huchimbwa, kwa sababu meli hizo zikijaa huhitaji kina kinachozidi mita 16. Upande wa yadi hufukiwa. Meli ya kuchimba hunyonya mchanga chini ya bahari, hujaza tumbo lake, kisha huumwaga panapofukiwa au huurusha kwa mdomo wa mbele, mchanga na maji vikipinda hewani kama upinde. Upanuzi wa bandari uitwao Maasvlakte 2 huko Rotterdam, Uholanzi, ulioanza 2008, ulimeza mchanga wa mita za ujazo zipatazo milioni 240.

Mchanga peke yake haukai, unahitaji ukuta. Katika awamu ya kwanza ya bandari ya Tuas, Singapore, ukuta huo ni masanduku 221 ya zege, kila moja na kimo cha mita 28 na uzito wa tani 15,000 hivi. Cha ajabu, masanduku hayo huelea: huvutwa na boti hadi mahali pake, huzamishwa, kisha hujazwa mchanga.

Bahari nayo hulipa gharama. Tope linalotibuliwa hufunika matumbawe na nyasi za bahari, na mkondo uliozibwa hapa huweza kula ufuo wa kule. Ndiyo maana tathmini ya mazingira inatakiwa kuja kabla ya mchanga.

Kwa maoni yangu, sehemu ngumu ni kungoja. Ardhi mpya hutitia, hasa ikiwa chini yake kuna tope laini lililojaa maji. Wahandisi huchomeka tepu nyembamba za plastiki wima ndani ya tope, kisha hulundika mchanga juu yake kwa miezi mingi. Uzito hukamua maji, yakapanda kupitia tepu hizo, na tope likakazana. Mchanga wenyewe hushindiliwa kwa mitetemo, maana ukiwa legelege na umelowa, tetemeko la ardhi huugeuza uji. Kobe, Japani, ilionja hayo mwaka 1995, kuta za gati ziliposogea baharini mita kadhaa.

Hata baada ya hapo ardhi huendelea kushuka kidogo kidogo. Kwa hiyo yadi nyingi hutandikwa vitofali vya zege badala ya sakafu moja: pakibonyea, vinang'olewa, mchanga unaongezwa, vinarudishwa.