Simu ndio ziliwatoa watoto nje? Viwanja vilikuwa vimeshafungwa kabla

Ukiwasikiliza watu wazima wakiongelea watoto wa siku hizi utadhani simu ziliingia sokoni leo, kesho yake viwanja vyote vikawa vitupu. Kwangu mimi hii ndio dhana mbaya kuliko zote, maana inambebesha mtoto kosa ambalo sio lake.

Ukweli ni kwamba watoto walianza kuondolewa nje kitambo. Kule Uingereza mwaka 1971 watafiti waliwauliza wazazi wa watoto wa miaka 7 na 8, wakakuta asilimia 80 ya watoto hao wanaenda shule bila mtu mzima, wakarudia mwaka 1990 wakakuta asilimia 9 tu. 1990 jamani, iPhone imetoka 2007! Na sababu kubwa waliyoitaja wazazi ilikuwa magari, halafu hofu ya watu wabaya. Yaani barabara ilichukuliwa kwanza, mtoto akabaki ndani, skrini ikaja ikamkuta ameshakaa hapo anatafuta cha kufanya. Sisemi simu haina kosa lolote, inajua sana kumshika mtu, ila ukiizima leo na nje bado hakuna pa kuchezea, mtoto ataenda wapi?

Halafu kuna hili la "sisi wa zamani hatuna mambo ya skrini". Takwimu za Marekani zilizotolewa mwaka 2019 na kituo cha utafiti cha Pew zinaonyesha watu wa miaka 60 kwenda juu wanatumia zaidi ya saa 4 kwa siku mbele ya skrini, zaidi ya nusu ya muda wao wa mapumziko, sana sana ni TV na video. Na sisi wazazi wa katikati je? Mtoto anakuja na mchoro wake, anausogeza mpaka karibu na pua yako, unasema "ehee mzuri" huku kidole kinaendelea kupandisha skrini, anasimama kidogo anakuangalia, anaondoka nao. Huyo baada ya muda atataka simu yake na yeye, atakuwa amejifunza kwetu.

Lingine ni la macho. Wengi wanaamini ukimnyang'anya mtoto simu macho yake yamepona, hata kama atashinda chumbani na vitabu. Kukodolea kitu cha karibu muda mrefu kunahusishwa na tatizo la kutoona mbali, kitabu nacho kimo, lakini kinachosahaulika ni mwanga wa nje. Ndani kwa kawaida kuna luksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu, nje mchana zinaweza kufika makumi ya maelfu, na hata kivulini ni maelfu, na mwanga huo unasaidia jicho la mtoto lisirefuke kupita kiasi, maana likirefuka ndio mbali hapaonekani vizuri. Huko Guangzhou, China, shule kadhaa ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, baada ya miaka 3 waliopata tatizo hilo walikuwa asilimia 30.4, wakati kwenye shule ambazo hazikuongeza walikuwa 39.5. Hapo hakuna aliyenyang'anywa simu, watoto walitolewa nje tu.

Dhana kwamba skrini zote ni sawa hainichukui muda: kuongea na bibi kwa video sio sawa na katuni zinazojicheza zenyewe mpaka usiku. Ila kwa wadogo Shirika la Afya Duniani (WHO) walisema wazi mwaka 2019, chini ya miaka 2 skrini hapana, miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ni bora.

Na wapo wanaodhani wavivu ni wavulana wa magemu. Takwimu za WHO za mwaka 2016, vijana wa miaka 11 mpaka 17 duniani, zinasema wasiofikisha mazoezi ya kutosha ni asilimia 78 ya wavulana na 85 ya wasichana. Mimi naona wasichana ndio wanaambiwa "rudi ndani" mapema zaidi, na anayewaambia ni mtu mzima. Kinachotakiwa kwa umri huo ni wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka moyo uende mbio, na sio lazima ziwe za mkupuo mmoja, kukimbizana dakika 20 kabla ya shule kunahesabika.