EF3 si kasi ya upepo: ninayoulizwa kila msimu wa tonado

Ikifika Aprili huwa nazungumza na Waswahili wenzangu hapa Iowa, Marekani, kuhusu tonado, ule upepo mkali unaozunguka chini ya wingu la radi, na swali la kwanza ni lile lile. Juzi aliyeuliza ni mama mmoja wa Bukavu, hana hata mwaka hapa: "Kaka, ile ya kwenye habari si ilikuwa EF2 tu? Sasa watoto tunawaamsha usiku kwa nini?" Hilo neno "tu" linaniumiza, kwa sababu limejengwa juu ya kosa.

Dhana: namba ya EF ni kasi iliyopimwa kwa chombo

EF (Enhanced Fujita, kuanzia EF0 hadi EF5) ni daraja la uharibifu. Tonado ikishapita, wakaguzi wa idara ya hali ya hewa ya Marekani huenda kutazama kilichovunjika, kisha wanakadiria ni upepo gani ungeweza kuvunja vile. Wana orodha ya viashiria 28: nyumba ya familia, nyumba ya trela, shule, nguzo ya umeme, miti na kadhalika. Utaratibu huu aliuanzisha Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1971, na toleo la sasa lilianza kutumika Marekani mwaka 2007.

Tazama mkaguzi anavyofanya kazi. Nyumba imezolewa yote, limebaki zege la msingi. Anapiga magoti, anazitafuta boliti zilizokuwa zimeshika ukuta. Je, zina nati na washa? Au fundi alipigilia misumari tu? Nyumba iliyofungwa vizuri ikizolewa hivyo, makadirio ni kama kilomita 322 kwa saa. Iliyoshikwa na misumari inaweza kushushwa hadi 265 hivi. Namba imebadilika kwa ajili ya kazi ya fundi, na upepo huenda ulikuwa ule ule.

Na kama hapakuwa na nyumba? Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, ilipita tonado yenye upana wa kilomita 4.2. Rada iliyobebwa juu ya lori ilisoma zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Rasmi ni EF3, daraja linaloishia kilomita 266, kwa kuwa sehemu kubwa ilipita mashambani na uharibifu uliokutwa haukufika juu ya hapo. Iliwaua wataalamu watatu waliokuwa wakiifuatilia kwa gari, akiwemo Tim Samaras, mtu aliyetumia miaka akiweka vyombo vya kupimia kwenye njia ya tonado. Nani atasimama mbele yangu aseme "EF3 tu"?

Hapa kwetu, Greenfield, mwendo wa saa moja hivi kutoka Des Moines, tarehe 21 Mei 2024 rada za lori zilikadiria kati ya kilomita 497 na 512 kwa saa. Mitambo mikubwa ya umeme wa upepo ililala chini. Daraja lililotolewa ni EF4.

Basi watu huniambia, "Rada si zipo kila mahali?" Rada ya Doppler hutuma mawimbi yanayogonga matone, vumbi na vipande vya mbao, kisha yakirudi tunajua vitu hivyo vinakuja au vinakwenda kwa kasi gani. Upepo unaokatiza mbele yake hauuoni. Tena mwale hunyooka wakati dunia inapinda: kilomita 100 kutoka kituoni, mwale wa chini kabisa uko kama kilomita moja na nusu juu ya paa lako, na umetanuka kupita upana wa tonado nyingi. Ndiyo maana watu hupeleka rada kwa lori hadi karibu. Joshua Wurman na wenzake walifanya hivyo Oklahoma tarehe 3 Mei 1999 wakapata karibu kilomita 484 kwa saa. Tonado nyingi hupita bila lori lolote kuwepo.

Dhana: zipo zinazokaribia kasi ya sauti

Zamani wataalamu wenyewe walidhani hivyo, wakiona nyasi zimetoboa gome la mti. Vipimo vya rada havijafika huko, wala havina haja. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne.

Dhana: ni kimbunga kama Hidaya

Neno letu moja, "kimbunga", ndilo linalotuchanganya. Hidaya, Mei 2024, kilitoka Bahari ya Hindi, na watu wa Mafia walitangaziwa mapema. Tonado hushuka kutoka wingu la radi. Hapo hesabu dakika.

Dhana: jifiche chini ya daraja la barabara kuu

Usithubutu. Siku ile ile ya Mei 1999 watu watatu walifia chini ya madaraja ya namna hiyo. Upepo ukibanwa pale huongeza kasi, na vipande vya mbao na bati vinakuja nao.

Dhana: fungua madirisha nyumba isipasuke

Nyumba haipasuki kwa shinikizo. Upepo ukiingia ndani ndio unaonyanyua paa, nawe umeufungulia mlango. Muda wa kuzunguka madirisha sita ndio muda wa kumvalisha mtoto viatu na kofia ya baiskeli na kushuka naye besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba. Kofia naisisitiza kila mara, hata kama watu wamechoka kuisikia: wengi huumizwa na vitu vinavyoruka, na vinapiga kichwa. Iweke karibu na ngazi, si gereji.